Kutoka Karafuu hadi Karatasi ya Mtihani: Historia ya Neno 'Uchambuzi' na Visawe Vyake

Utangulizi

Katika mtihani mmoja wa majaribio wa kidato cha nne, mwandishi wa makala haya alitunga swali lifuatalo: "Changanua mhusika Sara katika tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 10)". Wanafunzi wengi walijibu kama ilivyotarajiwa. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hufanya vyema, alitunga sentensi "Sara ni mhusika katika tamthilia", kisha akachora mchoro wa matawi. S ikagawika kuwa KN na KT, naye Sara akawekwa chini ya N. Mchoro ule haukuwa na kosa lolote. Alipata sufuri.

Alipoulizwa kwa nini alijibu hivyo, alisema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha kuchanganua." Kauli hiyo ilikuwa ya kweli. Tangu kidato cha kwanza, kila alipolikuta neno 'changanua' katika karatasi ya pili alitakiwa achore matawi, jedwali au mishale. Hakuna siku aliyoambiwa kwamba neno hilo likivuka mpaka na kuingia katika karatasi ya tatu hubadilisha kazi. Kosa lilikuwa la mtunzi wa swali.

Ni bayana kwamba sisi walimu wa fasihi tumezoea kuyatumia maneno chambua, changanua, hakiki, fafanua, tathmini na jadili kana kwamba ni pacha. Tunayabadilisha ili karatasi isichoshe macho. Mwanafunzi naye huyasoma akidhani kila moja linamdai kitu chake, na aghalabu yeye ndiye aliye sahihi. Makala haya yananuia kuifuatilia historia ya neno 'uchambuzi' na jamaa zake, kuonyesha jinsi kila moja lilivyofika darasani, na hatimaye kupendekeza namna ya kuyatumia bila kumpotosha mtahiniwa.

Mikono kabla ya vitabu

Kabla ya kuchambuliwa riwaya, zilichambuliwa mboga. Katika kamusi za zamani, kama ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, maana ya 'chambua' inayotangulia ni ya kazi ya mikono: kusafisha kitu kwa kuondoa kisichotakiwa kimoja kimoja. Maana hiyo haijafa. Nyumbani kwetu bado tunachambua mchicha na kunde, tukitenga jani na shina. Penye kilimo cha pamba kuna viwanda vya kuchambua pamba, ambako nyuzi hutenganishwa na mbegu. Huko Unguja na Pemba, mashada ya karafuu yakishashushwa mtini huchambuliwa: karafuu upande mmoja, makonyo upande wa pili, ndipo karafuu ianikwe.

Tukiitazama kazi hii kwa makini, tutaona sifa tatu zinazolipambanua neno hili na jamaa zake wa jikoni. Kwanza, kuchambua hufanywa kwa karibu. Anayepeteta hurusha nafaka yote kwa pamoja katika ungo, na anayechekecha huumwaga unga wote katika chekeche. Anayechambua hushika jani, shada au kitita kimoja akakitazama. Pili, kuchambua ni kuteua. Mchambuaji anajua anachokitafuta, na mikono yake inafuata ujuzi huo. Tatu, kinachotengwa si lazima kitupwe. Makonyo hukamuliwa mafuta, na Pemba kina kiwanda cha kazi hiyo. Mbegu za pamba nazo hutoa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulishwa mifugo.

Sifa hizi tatu zinatosha kutupa msingi wa uhakiki. Msomaji aukaribie matini, ajue anachokitafuta, na asiharakishe kutupa asichokihitaji kwa sasa.

Lugha ya kutendua

'Changanua' lina nasaba tofauti. Hilo ni neno la kauli ya kutendua, yaani kauli inayorudisha nyuma jambo lililofanywa. Tunafunga, tunafungua, tunaziba, tunazibua, tunachanganya, tunachanganua. Kwa hivyo kuchanganua ni kuvirudisha mahali pake vitu vilivyokuwa vimechanganyika, hata kila kimoja kionekane peke yake.

La kuvutia ni kwamba maneno yetu mengi ya kuelewa mambo yameundwa kwa njia hiyo hiyo. Kilichofumbwa hufumbuliwa, ndiyo maana fumbo huhitaji ufumbuzi. Kilichofichwa hufichuliwa. Kilichotata hutatuliwa. Vilivyopambana hupambanuliwa. Yamkini waliounda maneno haya waliuona ujuzi kuwa kazi ya kufungua kilichokuwa kimefungwa na mtu mwingine. Fasihi inaafikiana vyema na mtazamo huu, kwa sababu mtunzi hufumba kwa makusudi.

Hata hivyo, tofauti kati ya maneno haya mawili yapasa kushikiliwa. Anayechanganua hahitaji kuteua. Kila kijenzi ni lazima kionyeshwe, kidogo kwa kikubwa. Ndiyo sababu sarufi imelikumbatia neno hili. Katika sentensi, hata kiunganishi chenye herufi mbili hakiwezi kuachwa nje ya mchoro. Anayechambua, kwa upande mwingine, ana ruhusa ya kusema, "Hili ndilo lenye uzito, lile litangoja."

Maneno ya msikitini na ya wanazuoni

Kundi la tatu lilitokana na Kiarabu, nalo lilikuja na elimu. 'Hakiki' limetoka katika shina moja na haki, hakika na uhakika. Maana yake ya kwanza ni kuthibitisha kwamba jambo ni la kweli. 'Tathmini' lina undugu na thamani, na kutathmini ni kukadiria kitu kina thamani gani. 'Tafsiri' lilihusu ufafanuzi wa Kurani kabla ya kutumiwa kwa kazi ya kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. 'Sherehe', ambalo wengi wetu tunalijua kwa maana ya karamu, lilikuwa pia jina la maelezo yanayoandamana na matini magumu, na diwani za mashairi zilikuwa zikiweka sherehe ili kumfafanulia msomaji msamiati.

Ni kosa basi kudhani kwamba usomaji wa karibu uliletwa pwani na vyuo vikuu. Darsa za tafsiri, ambamo sheikh husoma aya na kuifungua neno kwa neno mbele ya wasikilizaji, ni desturi ya muda mrefu katika miji ya Waswahili. Zao mojawapo la desturi hiyo ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi hiyo iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969 ina tafsiri pamoja na maelezo.

Ushairi nao ulikuwa na wafafanuzi wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hayangetufikia kama tunavyoyajua bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Msomi huyo aliyakusanya, na akamsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyaelewa. Diwani yenyewe ilihaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940. Mengi katika tungo za Muyaka yanagusa siasa za Mvita za wakati wake, na asiyeambiwa ni nani aliyekuwa akijibiwa hawezi kuupata undani wake. Kazi ya Mwalimu Sikujua haikuitwa uchambuzi wala uhakiki, lakini ndiyo hiyo.

Mwaka 1954 ilitokea hatua nyingine. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ingawa kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watunzi, kiliwapa wasomaji kipimo: vina, mizani, mishororo, beti. Kuanzia hapo ingewezekana kusema shairi fulani lina kasoro na kuionyesha kasoro hiyo kwa kidole. Manufaa yake yangalipo. Madhara yake pia yangalipo, kwa maana wanafunzi wetu wengi huhesabu mizani kwa ustadi kisha wakaweka kalamu chini, wakiamini kwamba wamemaliza kulichambua shairi.

Uchambuzi waingia chuoni

Mwishoni mwa miaka ya 1960 fasihi ya Kiswahili ilianza kufundishwa kwa Kiswahili katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Farouk Topan alikuwa miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo. Mwaka 1971 ulitolewa mkusanyiko aliouhariri, Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Tulisome jina hilo tena. Neno la mboga na karafuu limewekwa juu ya jalada la kitabu cha kitaaluma, na linachambuliwa humo si pamba bali ni maandishi. Katika miaka hiyo hiyo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa na jarida lililoitwa Mulika. Jina hilo nalo ni kitenzi cha kazi ya kawaida, cha mtu aliyeshika taa gizani.

Muongo huo haukuwa wa utulivu. Mashairi ya Kisasa ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi yalitoka mwaka 1973, na Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974. Mgogoro kuhusu mashairi huru ukapamba moto. Kwa mtazamo wa makala haya, mgogoro huo ulikuwa na tokeo moja muhimu. Mashairi yasiyo na vina hayakuweza kupimwa kwa kuhesabu. Msomaji alilazimika kuuliza maswali mengine: picha hizi zinasema nini? Kimya hiki kina kazi gani? Mtunzi anadai nini, na madai yake yana mashiko? Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyolipa nguvu neno 'uhakiki', kwa kuwa yanadai ushahidi na hukumu.

Nchini Kenya, mabadiliko makubwa yalifuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Kwa ghafla, kila mwanafunzi wa sekondari alitarajiwa kuhakiki. Vitabu vya kumsaidia mwalimu vikafuata. Mwaka 1999 Kimani Njogu na Rocha Chimerah walitoa Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu. K. W. Wamitila naye akatoa Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake mwaka 2002, na Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003. Pamoja na faida hizo, mgawanyo wa karatasi ulizaa mgawanyo wa maneno. 'Changanua' likakaa katika matumizi ya lugha, 'hakiki' likapanda vyuoni, na fasihi ya sekondari ikabaki na 'eleza', 'fafanua', 'jadili', 'thibitisha' na, mara kwa mara, 'chambua'. Mwanafunzi wetu aliyechora matawi alikuwa raia mtiifu wa mgawanyo huo.

Maneno haya mitaani

Nje ya darasa maneno haya hayana mipaka ya karatasi. Redioni tunasikia mchambuzi wa siasa na mchambuzi wa soka. Wote wawili wanatarajiwa kueleza kilichotokea, kwa nini kilitokea, na pengine kubashiri kitakachofuata. 'Uhakiki' limebaki na maana yake ya awali ya kuthibitisha. Nchini Tanzania, mwaka 2017, matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma yalitangazwa, na hakuna aliyedhani kwamba vyeti hivyo vilikuwa vikitafutiwa maudhui na fani. 'Tathmini' limeshika kazi za miradi na la shuleni pia. Vijana na watangazaji wamelipenda 'dadavua', ambalo kwao ni kufafanua jambo mpaka asiwepo wa kuuliza tena.

Aidha, 'chambua' lina upande wake mchungu. Kumchambua mtu ni kumsema, kumtoa kasoro moja baada ya nyingine, hasa akiwa hayupo. Upande huu usipuuzwe darasani. Baadhi ya wanafunzi wakiambiwa wamchambue mhusika hukimbilia maovu yake tu: ni mlevi, ni katili, ni msaliti. Wamelibeba neno kutoka barazani na kulileta katika karatasi ya mtihani. Wanasahau kwamba mchambua karafuu hatafuti makonyo peke yake.

Mfano wa darasani

Ili tofauti hizi zisibaki hewani, tuchukue methali ambayo kila mwanafunzi anaijua: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tukisema fafanua, tunataka maana iwe wazi: ujio wa mgeni huwafaa hata wenyeji, kwa mfano kwa chakula kizuri kinachoandaliwa kwa ajili yake.

Tukisema changanua, tunataka vijenzi vyote. Methali ina vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja kikiwa na nomino na kitenzi. Kitenzi cha kwanza, 'njoo', ni cha amri. Cha pili, 'apone', kiko katika dhamira tegemezi. Nomino zote mbili ni za ngeli ya A-WA, na zina maana kinyume.

Tukisema chambua, tunataka mwanafunzi ateue penye uzito. Penye uzito hapa ni sauti. Mgeni anasemeshwa moja kwa moja, lakini mwenyeji anasemwa kana kwamba ni mtu wa tatu. Basi ni nani anayeita? Ama mwenyeji ameona haya kujitaja, ama msemaji ni mwingine katika nyumba ile, asiye na kauli juu ya chungu, anayejua kwamba mgeni asipokuja hakuna kitakachobadilika. Zaidi ya hayo, methali haikusema mwenyeji ashibe. Imesema apone, kama kwamba hali yake ya kila siku ni ugonjwa.

Tukisema hakiki, tunataka dai lithibitishwe au lipingwe kwa ushahidi. Je, mgeni huponya kila mara? Methali nyingine inaagiza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwa hivyo hekima ya kwanza ina mpaka, na jamii yenyewe imeuweka.

Tukisema tathmini, tunataka thamani: methali hii imefaulu kwa kiasi gani, kwa ufupi wake na ulinganifu wake, kulibeba wazo lake? Ina nafasi gani kwa msomaji wa leo?

Majibu matano hayo hayafanani, na hayawezi kusahihishwa kwa mwongozo mmoja. Anayedai kwamba maneno haya ni visawe kamili na aonyeshe jibu moja linaloyatosheleza yote.

Pendekezo

Kwa kuzingatia historia hii, mwandishi anapendekeza mambo matatu. Mosi, mwalimu asibadilishe kitenzi cha swali kwa ajili ya kupamba. Kitenzi kikibadilika, mwongozo wa kusahihisha nao ubadilike. Pili, vitenzi hivi vifundishwe mapema, katika kidato cha kwanza, kwa mpangilio wa ugumu: fafanua, changanua, chambua, hakiki, tathmini. Methali moja na kipindi kimoja vinatosha kuanzia. Tatu, neno linapotumika katika sarufi na katika fasihi, wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba limevuka mpaka. Kimya chetu ndicho kinachowaponza.

Huenda mwenzetu akasema kwamba lugha hukua kwa kulegea, na kwamba hata watahini huyachanganya maneno haya. Hoja hiyo ina ukweli. Hatuwezi kumzuia mtangazaji kuita 'uchambuzi' kila anachosema kabla ya mechi. Lakini karatasi ya mtihani ni mahali ambapo neno moja huweza kumnyima mtoto alama kumi, na alama kumi huweza kumnyima gredi. Palipo na gharama kama hiyo, usahihi ni haki ya mtahiniwa. Tukumbuke kwamba haki na hakiki ni ndugu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba 'chambua' lilianza kama kazi ya mikono, 'changanua' kama kauli ya kutendua, na 'hakiki' na 'tathmini' kama maneno ya ukweli na thamani yaliyotokana na Kiarabu. Njia zao zilikutana katika vitabu vya chuo kuanzia miaka ya 1970, kisha katika madarasa yetu baada ya mwaka 1985. Kukutana hakukuyafanya kuwa neno moja.

Lile swali kuhusu Sara liliandikwa upya muhula uliofuata: "Chambua mhusika Sara kwa kuonyesha sifa mbili zenye uzito zaidi katika maendeleo ya tamthilia, na utoe ushahidi." Mchora matawi alilijibu bila mchoro wowote. Alipata saba, akaja kudai ya nane.